Vazi la Kuogelea la Fungate: Picha Nzuri, Mikono Mizito



Leo sikuja na mishono mipya. Nimekuja na kosa langu mwenyewe, na maoni ambayo najua baadhi ya mafundi wenzangu hawatayapenda. Wengi mnanifahamu kwa magauni na seti za fungate ninazoshona huku Lushoto. Zinateremka na basi mpaka Tanga, kisha zinavuka maji kuwafuata huko visiwani. Kwa miaka mitatu sasa nashona pia mavazi ya kuogelea ya stara: suruali, kanzu fupi inayokaribia goti, na hijabu yake. Yanapendwa, alhamdulillah. Kwenye picha yanatoka vizuri sana.

Mfungo Mosi uliopita, zile harusi za baada ya Ramadhani zilipomiminika, nilimshonea bi harusi mmoja vazi la rangi ya zambarau, mikono ya nguo mipana iliyomwagika kama ya dira. Binti huyu anajua kuogelea. Alijifunza kabla hajaposwa, na mita 100 kwake si kitu cha kutisha. Siku ya tatu ya fungate wakachukua mashua, yeye na mumewe, kwenda kwenye kisiwa cha mchanga. Mashua ilisimama kama mita 40 kutoka mchangani. Akaingia majini kwa furaha. Katikati ya njia mikono ikamgomea. Mumewe alimfuata, akamshika bega, wakafika wote salama.

Alinipigia simu baada ya wiki mbili. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema, "Dada, sijui nini kilinipata. Mikono ilikuwa mizito kama nimebeba ndoo mbili za maji." Nami, kwa kuwa mfanyabiashara hatafuti kosa kwenye mali yake, nikamjibu kwamba huenda ni uchovu wa harusi, au mawimbi. Kisha nikakata simu nikakaa na cherehani yangu nikijua kabisa kwamba sijamjibu.

Mimi ni mtoto wa mlimani. Huku Usambara mlima unatufundisha kupanda, kuogelea hautufundishi. Maji yetu ni mito ya baridi na maporomoko kama ya Soni na Mkuzi, na kila mama humkataza mtoto asisogee. Nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka 27, wakati nasoma ushonaji Tanga. Shoga yangu mmoja wa kule alichoka kuniona nikikaa ufukweni na kanga mabegani kama mlinzi wa viatu vya watu. Kwa hiyo niliposhuka Tanga kununua vitambaa, nilimfuata shoga huyohuyo. Nikachukua vazi nililokata kwa vipimo vile vile vya lile la zambarau, na vazi langu la zamani linalobana vizuri, kamba ya mita 25 niliyoipima kwa tepu yangu ya fundi, na madumu mawili matupu ya kuifunga ili ielee. Tukaenda alfajiri baada ya Swala, bahari imejaa na imetulia, hakuna watu. Yeye akabaki kwenye maji ya kiunoni na simu ndani ya mfuko wa plastiki, na mkononi ana ile tasbihi ya kubonyeza inayovaliwa kidoleni. Msinicheke, hakuna kifaa cha kuhesabia kilicho rahisi kuliko kile.

Tulihesabu mivuto. Nikisema mvuto nina maana ya mkono mmoja kuingia majini mbele, kuvuta maji nyuma na kutoka. Mkono wa kulia ni mvuto mmoja, wa kushoto mvuto wa pili. Katika mtindo huru, ule wa kulalia tumbo na kupokezana mikono, idadi ya mivuto kwa dakika ndiyo kasi ya mivuto. Wapo makocha wanaohesabu mkono mmoja tu, na namba zao zinakuwa nusu ya zetu, kwa hiyo ukisikia mtu anataja namba muulize kwanza anahesabuje.

Kwa vazi la zamani nilipiga mivuto 10 kwa sekunde 12. Hiyo ni mivuto 50 kwa dakika. Kamba nzima niliimaliza kwa mivuto 28, kama sekunde 34. Nikatoka, nikajifunga kanga, nikabadilisha. Kwa vazi la harusi mivuto 10 ilichukua sekunde 16, yaani mivuto 37 na nusu kwa dakika, na kamba ileile nikaimaliza kwa mivuto 31, sekunde 50. Mwanamke yuleyule, maji yaleyale, chai ya asubuhi hata hatujanywa. Niliporudia mara ya tatu mabega yalikuwa yanawaka.

Nieleze kwa lugha yetu ya cherehani, maana nadhani fundi ataelewa jambo hili haraka kuliko mtu wa michezo. Kitambaa kinakwenda mbele kwa vitu viwili: unakanyaga haraka kiasi gani, na urefu wa mshono uliouweka. Ukiweka mshono mrefu na ukakanyaga taratibu, pindo linaisha. Ukiweka mshono mfupi na ukakanyaga haraka, pindo linaisha vilevile. Muogeleaji naye mwendo wake ni mivuto kwa dakika mara umbali anaokwenda kwa kila mvuto. Katika vazi la zamani kila mvuto wangu ulinisogeza kama sentimita 89. Katika lile la harusi, sentimita 81. Vazi lilinipunguzia vyote viwili kwa mpigo, urefu wa mshono na kukanyaga.

Hapo ndipo nilipoanza kugombana na ushauri ambao kila mwanamke anayejifunza kuogelea ameusikia. "Taratibu bibi, mkono mrefu, teleza kama samaki." Ushauri huo una ukweli ndani yake. Anayeanza hupapatika, na kumwambia anyooshe mkono kunamtuliza. Ila umegeuzwa kuwa sheria ya wanawake wote, na mara nyingine nasikia ndani yake sauti nyingine, kwamba mwanamke akipiga mikono haraka haraka hapendezi. Binti anajifunza kunyoosha mkono mbele na kuuacha hapo, anasubiri, anahesabu moja, mbili, ndipo anavuta. Katika kusubiri huko maji hayamsubiri. Maji ni mazito karibu mara 800 kuliko hewa. Ukiacha kuvuta, mwendo unaanza kufa papo hapo, miguu inazama, na mvuto unaofuata hauendelezi safari bali unaianzisha upya.

Waliowahi kupanda kutoka Mombo kuja Soni wanaijua hali hii. Dereva mgeni huitegemea gia kubwa, gari linakata pumzi kwenye kona, anaanza tena, linakata tena. Dereva wetu anashusha gia mapema. Injini inazunguka haraka, gari linakwenda polepole lakini halisimami, na abiria wanafika bila kutapika (wengi wao). Mwanamke mfupi, au mwenye mikono mifupi, au aliyevaa nguo inayovuta maji, yuko kwenye mlima. Mpe gia ndogo. Mivuto mifupi kidogo, ya haraka kidogo, isiyokatika.

Na hili si la wanaojifunza tu. Mwaka 1988 kwenye Olimpiki ya Seoul, binti wa Kimarekani wa miaka 17, Janet Evans, alishinda medali tatu za dhahabu, mbili kati ya hizo katika mtindo huru, mita 400 na mita 800. Hakuwa mrefu. Alizungusha mikono iliyonyooka kama pangaboi, haraka kuliko wenzake, na waliokuwa wakifundisha uzuri wa mvuto walikuwa na mengi ya kusema. Muda wake wa mita 400, dakika 4 na sekunde 3.85, ulikaa kama rekodi ya dunia mpaka 2006. Wapo mabingwa warefu wanaotumia mivuto michache mirefu, nao wanashinda. Kila mmoja na gia yake. Wanawake wa mbio ndefu wa kiwango cha dunia wengi wako kati ya mivuto 70 na 90 kwa dakika, na wa mita 50 wanapita 100. Katika mita 50 hizo sisi pia tumepeleka mabinti zetu: Kayla Temba kwenye Olimpiki ya Tokyo na Sophia Latiff Paris 2024. Simwambii bi harusi awafuate. Namwambia kwamba mikono inayokwenda haraka si kosa.

Lakini kuna haraka ya bure. Mafundi mnaijua: mguu wa cherehani umeinuliwa, meno hayakishiki kitambaa, wewe unakanyaga mbio na sindano inadunda mahali pamoja mpaka uzi unafanya kitufe. Majini ni hivyo hivyo kama kiganja kinakata maji badala ya kuyashika. Kiwiko kikianguka, mkono unateleza chini kama kisu kwenye siagi, mivuto inakuwa 65 kwa dakika na dumu la pili bado liko palepale. Anayefanya hivi hahitaji kuambiwa apunguze haraka tu. Ashike maji kwanza: vidole vitazame chini, kiwiko kibaki juu, asukume maji kuelekea miguuni mpaka mkono ufike karibu na nyonga. Na pumzi itolewe ndani ya maji, polepole, kwa pua au mdomo. Nimeona wengi ambao mikono yao inasimama kwa sababu moja tu, wanazuia pumzi, halafu wakigeuza kichwa wanataka kutoa na kuvuta kwa wakati mmoja. Mkono wa mbele unabaki umeganda ukiisubiri pua.

Sasa utaijuaje gia yako? Chukua mtu wa kuhesabu na sehemu yenye kipimo, iwe bwawa au kamba kama yangu, pasipozidi kina cha kifua. Ogelea kawaida yako, yeye ahesabu sekunde za mivuto 10 pale katikati, si mwanzoni ulipojisukuma. Gawanya 600 kwa sekunde hizo. Sekunde 15 ni mivuto 40, sekunde 12 ni 50, sekunde 10 ni 60. Ahesabu pia mivuto yote mpaka mwisho wa kamba. Andika. Pumzika mpaka uweze kuongea sentensi nzima, halafu rudia ukiongeza haraka kidogo, mivuto mitatu au minne zaidi kwa dakika, basi. Rudia tena. Mwanzoni utaona muda unapungua na mivuto haiongezeki sana, na mwili unakaa juu. Utafika mahali mivuto inaongezeka kwa wingi lakini muda haupungui, na kifua kinapanda. Rudi nyuma hatua moja kutoka hapo, hapo ndipo pako kwa sasa. Mimi pangu ni kati ya 50 na 54. Shoga yangu wa Tanga, mrefu kama mnazi, ana 46 na ananipita kila siku.

Kuufundisha mwili huo mwendo, wenye bwawa na pesa wanavaa kidude kinacholia chini ya kofia. Sisi wengine tunahesabu kichwani, moja mbili tatu, tukigeuka kupumua kwenye tatu. Mwendo ukikatika unausikia mwenyewe. Mita 25 za mwendo mzuri, pumzika, mara sita au nane, zinakufaa kuliko kujikokota nusu saa huku mikono imelegea. Na baharini, dada zangu, ongeza kidogo. Wimbi linamkata anayeteleza. Kwenye bwawa unaweza kujinyoosha ukasogea, kwenye wimbi ukijinyoosha unarudishwa. Ndiyo maana waogeleaji wa bahari hupendelea mivuto ya haraka zaidi kuliko yao ya bwawani.

Kabla ya yote haya, kuelea. Ambaye hawezi kulala chali juu ya maji akapumua kwa dakika mbili asinisomee habari za mivuto. Aanze huko.

Nirudi kwenye nguo, kwa sababu hapa ndipo ninapodaiwa. Sisi mafundi tuna imani kwamba upana ni uhuru. Gauni pana, mkono mpana, mtu ajimwage. Kwenye hewa ni kweli. Ila mkono mpana wa dira unaanzia kiunoni, tundu la kwapa limeshushwa chini kabisa, kwa hiyo ukiinua mkono unainua kanzu nzima. Kwenye sherehe unainua mkono mara ngapi? Kwenye mita 40 za bahari unauinua karibu mara 50, na kila mara unainua kanzu iliyoshiba maji. Nilimshonea yule binti ndoo zake mbili mwenyewe, kwa cherehani yangu. Uhuru wa bega uko kwenye kwapa lililokatwa juu, karibu na mwili, na kipande kidogo cha umbo la almasi kilichowekwa kwapani ili nguo inyumbulike bila kuvuta pindo. Stara haipungui hata kidogo, kanzu inaweza kubaki imeachia kifuani na nyongani.

Kuna mengine niliyoyaona siku ile. Pindo la kanzu lilielea mpaka tumboni, likawa kama breki, na upinzani wa maji haukui sawasawa na mwendo: ukienda kwa kasi mara mbili, maji yanakupinga kama mara nne. Siku hizi naweka vitanzi viwili ndani vinavyofunga kanzu kwenye suruali. Hijabu nilikuwa nimeishona moja kwa moja kwenye mgongo wa kanzu, nikijisifu kwamba haivuki. Kumbe haigeuki! Kichwa kisipoweza kugeuka pembeni kupumua, mtu anakiinua mbele, na kikiinuka kichwa miguu inazama. Sasa kofia yake iko peke yake, na kola ndefu inaingia ndani. Kitambaa cha pamba nimekiacha kabisa kwa kazi hii, kinakunywa maji. Nailoni au poliesta yenye mnyumbuliko, unene wa wastani, rangi isiyoonyesha mwili ikilowa.

Kama umeshanunua vazi, kwangu au kwa mwingine, simama mbele ya kioo. Inua mkono mmoja mpaka ukaribie sikio. Pindo likipanda zaidi ya upana wa vidole viwili, kwapa liko chini mno. Kisha zungusha mikono hewani kama unaogelea, dakika moja, mtu akuhesabie. Ingia bafuni na vazi lako, ujimwagie maji, urudie. Ukiwa na 55 mkavu na 40 ukilowa, ukiingia baharini itashuka zaidi. Mrudishie fundi. Akikwambia vazi lile ni la picha, basi alisema hivyo siku ya kupokea pesa?

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu. Tunauza nguo kwa jina la kuogelea ambayo hatujawahi kuiogelea. Aheda Zanetti, mama wa Kilebanoni aliyekulia Australia, alipotengeneza burkini mwaka 2004 alikuwa anataka mabinti wa Kiislamu waweze kucheza michezo na kwenda baharini kama wengine. Wazo lilikuwa mwendo. Sisi tumelichukua tukalijaza marinda. Na huko kwenu kisiwani mnao mfano bora kuliko wangu: mradi wa Panje, Nungwi, uliofundisha wanawake na watoto kuogelea na kuokoa, wasichana wakiwa wamevaa mavazi yaliyofunika mwili mzima. Mpiga picha Mmarekani, Anna Boyiazis, aliwapiga picha mabinti hao mwaka 2016, wakiwemo wanafunzi wa skuli ya msingi ya Kijini kwenye bahari ya Muyuni, na picha hizo zikapata tuzo ya World Press Photo 2018. Zitazameni kwa jicho la fundi. Nguo zile si za kuvutia kamera, ni za kazi. Na picha zimetoka nzuri kuliko za studio.

Nungwi nimeitaja nikiwa na moyo mzito kidogo, maana ni karibu na huko ambako Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, na zaidi ya watu 200 wakafa. Sitadai kwamba mivuto 50 kwa dakika ingewaokoa, usiku ule, umbali ule. Allah awarehemu. Nasema tu kwamba kwa watu waliozungukwa na maji, mwanamke kuogelea si pambo la fungate.

Kuna shangazi mmoja aliniambia, tukiwa kwenye maulidi, kwamba kumfundisha mwari kuogelea ni kumfundisha uhuni. Nikamwambia shikamoo tena. Halafu nikamkumbusha hadithi aliyoipokea Imam Nasai, inayotaja michezo michache isiyohesabiwa kuwa upuuzi, na kujifunza kuogelea kumo. Katika hesabu hiyo hiyo kumo pia mume kucheza na mkewe. Shangazi akacheka mpaka akafunika uso na mtandio. Hakukubali, lakini alicheka. Masharti ya stara na mahali pa faragha yanajulikana, nami siyapunguzi. Ninachokataa ni stara itumike kama kisingizio cha nguo mbaya.

Nimewaandikia wote kumi na mmoja niliowauzia vazi la mkono mpana. Saba wameyarudisha, nimeyakata upya bila malipo, nauli ya basi na boti juu yangu. Wawili wamesema hawaogelei kabisa, walitaka picha tu, na wamebaki nayo, ni haki yao. Wawili hawajajibu. Ukiwa ni mmoja wao na unasoma hapa, tafadhali nitumie ujumbe kabla hujaingia kwenye maji marefu. Kuanzia sasa kila vazi la kuogelea linalotoka kwangu nimeliogelea mimi au shoga yangu, na kwenye mfuko wake nitaweka karatasi yenye mivuto tuliyohesabu. Bei imepanda kidogo kwa ajili ya kile kipande cha kwapani na safari za Tanga. Sitaificha.

Lile la zambarau lilikuwa la kwanza kurudi. Nililikata mikono, nikapandisha kwapa, kitambaa kilichobaki nikamfanyia kofia. Juzi akanitumia sauti kwa WhatsApp: mivuto 10 kwa sekunde 13, mara nane mfululizo, mita 25 kila mara. Nikamuuliza nani alikuhesabia. Nikasikia sauti ya kiume nyuma ikisema, "Mwambie fundi tasbihi ninayo mimi, na wiki ijayo tunataka sekunde 12."